Penye wengi pana mengi: Tusikie hofu za watu kabla ya kuleta mashine ya kujibu maswali

Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa wahamasishaji wa jamii na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa kutoka Kinondoni na Temeke. Tunaichapa kwa kuwa washiriki wengi waliomba nakala.



Awali ya yote nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja. Najua waliotoka Bunju na waliotoka Chamazi wameamka alfajiri, na foleni ya barabarani haina huruma kwa mtu yeyote. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Kama mnavyofahamu, mezani kwetu pana pendekezo. Tunayo simu ya ushauri. Mama mwenye swali kuhusu mkopo wa kikundi, au kijana mwenye jambo linalomsumbua, hupiga na kujibiwa na mtumishi wetu. Tatizo ni kwamba mtumishi ni mmoja na wapigaji ni wengi. Mara nyingi simu huita mpaka ikakatika. Hivyo imependekezwa tuweke mashine ya maongezi, ambayo wataalamu huiita chatiboti, ili ijibu ujumbe wa watu kwa Kiswahili usiku na mchana. Wapo wanaosema tuanze hata kesho. Wapo wanaosema tusiiguse kabisa. Kamati imeomba kwanza tujue walengwa wenyewe wana hofu gani.

Swali langu leo ni moja tu: tutajuaje?

Hofu za watu si porojo

Programu ya ChatGPT ilitolewa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Tangu hapo vijana wetu wanaandikia barua za maombi ya kazi kwayo, na wanafunzi wanafanyia mazoezi ya nyumbani. Mashine za aina hii zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno gani linafaa kufuata neno lililotangulia. Ndiyo maana zinaongea vizuri. Lakini kuongea vizuri na kusema kweli ni mambo mawili. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilikuwa zimebuniwa na mashine, nao hawakuzihakiki.

Mfano wa pili unatuhusu moja kwa moja. Huko Marekani kulikuwa na chama cha kusaidia watu wenye matatizo ya ulaji, kinachoitwa NEDA. Mwaka 2023 kiliamua kufunga simu yake ya ushauri, na kikawa na mashine ya maongezi iliyoitwa Tessa. Mwisho wa mwezi Mei mwaka huohuo walilazimika kuizima, kwa sababu ilionekana ikiwapa watu mashauri ya kupunguza uzito. Mtu aliye hatarini kwa kujinyima chakula aliambiwa namna ya kujinyima zaidi.

Mfano wa tatu ni wa Kanada. Abiria aliyefiwa aliiuliza mashine ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya msiba, nayo ikampa maelezo yasiyo sahihi. Shirika lilijitetea kwa kudai kwamba mashine inawajibika yenyewe kwa iliyoyasema. Mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi lilikataa utetezi huo na kuliamuru shirika limlipe fidia. Maana yake, ndugu washiriki, ni kwamba tukiiweka mashine ikakosea, waliokosea ni sisi.

Na tusidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa, wakisoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili mashine ifundishwe kuyatambua. Baadhi yao walisema kazi ile iliwaumiza akili.

Kwa hiyo mama wa Mbagala akisema "mimi hii mashine siielewi elewi", tusimwone mshamba. Tumuulize anaogopa nini.

Tulivyokosea kuhusu maji

Niwasimulie kosa letu wenyewe, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Miaka kadhaa iliyopita tuliweka masanduku ya maoni katika mitaa michache. Tulitaka kujua kero kubwa ni ipi. Karatasi zilikuwa nyingi, muda ulikuwa mfupi, na taarifa kwa wafadhili ilikuwa inasubiriwa. Kijana mmoja wa ofisini akachapa maoni yote kwenye kompyuta, akahesabu neno gani limetokea mara nyingi zaidi. Neno likawa "maji". Tukafurahi kwamba tumepata jibu. Tukaandika andiko la mradi wa visima.

Tulipokwenda kuzungumza na wananchi, mzee mmoja akatuuliza kwa upole: "Wanangu, mnataka kutuletea maji mengine?" Ndipo tulipozirudia zile karatasi na kuzisoma moja moja. Wapo walioandika kwamba maji hayatoki, wananunua ndoo, na ya kisima yana chumvi. Lakini wengine wengi waliandika kwamba mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, mtaro umeziba, watoto wanalala juu ya meza. Neno ni lilelile, kilio ni tofauti. Sisi tulihesabu neno na kuacha kilio.

Najua wapo wanaocheka. Mimi sikucheka siku ile.

Kompyuta inavyopanga mafungu

Ipo njia bora kuliko ile ya kijana wetu. Kwa lugha nyepesi naiita kuibua mada kwa kompyuta. Namna moja inayotumika sana ilielezwa mwaka 2003 na watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, David Blei, Andrew Ng na Michael Jordan. Huyu Michael Jordan si yule wa mpira wa kikapu.

Njia hii haihesabu neno peke yake. Inatazama maneno yanayopenda kukaa pamoja. Turudi kwenye maji. Kompyuta ingeona kwamba katika karatasi fulani "maji" yanafuatana na "ndoo", "foleni", "chumvi", "bomba". Katika karatasi nyingine yanafuatana na "mvua", "mtaro", "ukuta", "kitanda". Bila kuambiwa na mtu ingetenga mafungu mawili, na neno "maji" lingekuwamo katika yote mawili.

Inafanyaje? Kwanza sisi tunaiambia mafungu mangapi tunataka, tuseme manane. Mwanzoni inayagawa maneno ovyo tu, kama mtu anayemwaga kunde na choroko sakafuni. Kisha inapitia neno moja baada ya jingine na kujiuliza: neno hili linafaa kukaa fungu gani, nikitazama wenzake waliomo katika karatasi hii, na nikitazama linakokaa katika karatasi nyingine? Inahamisha, inarudia, inahamisha tena, mara mamia kwa maelfu, mpaka mafungu yanatulia. Mwisho inatupa orodha ya maneno ya kila fungu, na kutuambia kila karatasi ina kiasi gani cha kila fungu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kulalamikia mambo mawili katika sentensi moja.

Angalieni jambo moja hapa. Kompyuta haitoi jina la fungu. Inatoa orodha ya maneno tu. Jina tunalitoa sisi. Na katika kutoa jina ndipo mtu hujidanganya.

Nimetunga mifano mitano ya karatasi tunazoweza kupata kuhusu hii chatiboti:

"Nikiuliza habari za mkopo, mume wangu akishika simu atasoma kila kitu."

"Ikikosea dawa ya mtoto, nani atalaumiwa?"

"Bando sina, nitaongea nayo kwa kitu gani?"

"Yule dada anayepokea simu ataachishwa kazi?"

"Simu ninayotumia ni ya mwanangu, yeye ndiye hunisomea."

Kompyuta inaweza kuweka ya kwanza na ya tano pamoja, kwa kuwa zote zina simu na kusoma. Mratibu mwenye haraka ataandika juu yake "Faragha" na kwenda nyumbani. Lakini ya kwanza ni hofu ya mke anayeficha akiba yake. Ya tano ni ya bibi asiyejua kusoma, ambaye hataki kuficha kitu. Anataka mtu wa kuongea naye kwa mdomo. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Hivyo basi, kila fungu lazima tusome karatasi zake zenyewe kabla ya kulipa jina.

Kiswahili kina mambo yake

Programu nyingi za kazi hii zilitengenezwa na watu waliozoea Kiingereza. Kiswahili chetu kinazisumbua. Sisi tunasema ninaogopa, naogopa, tunaogopa, wanaogopa, niliogopa, inaogopesha. Kwa mashine isiyojua lugha, hayo ni maneno sita yasiyohusiana, na hofu moja inagawanyika vipande sita. Dawa yake ni kukata viambishi kwanza na kubakiza mzizi, yaani "ogop".

Lakini dawa hiyo nayo ina madhara. Aliyeandika "siogopi" naye atabaki na "ogop". Mtu aliyesema hana hofu atahesabiwa pamoja na wenye hofu. Kadhalika, kabla ya kazi huondolewa maneno madogo kama "na", "ya", "kwa", kwa kuwa yanatokea kila mahali. Ukiondoa pia "si" na "bila" umegeuza maana. "Nataka mtu na mashine" na "nataka mtu bila mashine" yatakuwa maneno yaleyale.

Kisha kuna uandishi wa vijana katika ujumbe wa simu: "cna bando", "xaxa". Na kitu chenyewe kina majina mengi. Hapa kwetu tumezoea akili mnemba, wengine huandika akili bandia au akili unde, wengine AI, na mzee wa mtaani atasema "hiyo roboti". Yote hayo lazima kwanza yaunganishwe na mtu anayejua lugha ya mtaa. Mtu huyo si mtaalamu kutoka mbali. Ni ninyi.

Jambo la mwisho la kiufundi ni kwamba njia hii hupenda maandishi marefu na mengi. Karatasi zenye maneno kumi kumi huipa shida. Siku hizi zipo njia mpya zaidi, kama ile iitwayo BERTopic, zinazojaribu kulinganisha maana ya sentensi nzima, ingawa nazo hutegemea zimejifunza Kiswahili kiasi gani. Tukipata karatasi hamsini tu, hatuhitaji kompyuta. Tukae mkekani tuzisome. Kompyuta ni ya pale zinapofika mamia na maelfu.

Majirani zetu wametutangulia

Hatuanzi sifuri. Mwaka 2011 UNICEF ilianzisha nchini Uganda mpango wa U-Report, ambao vijana hutuma maoni yao kwa ujumbe mfupi wa simu bila malipo. Ujumbe ulipozidi uwezo wa watu kuusoma, wataalamu wa kampuni ya IBM walitengeneza programu ya kuugawa: huu ni wa afya, huu wa elimu, huu wa ukatili dhidi ya watoto, ili ule wa dharura uwahi kumfikia mhusika. Huko makapu yalikuwa na majina tangu mwanzo. Katika njia niliyoeleza leo makapu hujitokeza yenyewe. Zote mbili zina faida. Makapu yenye majina hukusaidia kupata unachokitafuta. Makapu yasiyo na majina hukuonyesha ambacho hukujua kwamba ukitafute.

Mfano wa pili ni wa ndugu zetu wa mashariki ya Kongo. Mlipuko wa ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200. Wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, katika maeneo kama Beni na Butembo, wakiandika maswali, uvumi na malalamiko ya watu. Huko kupanga mafungu kulifanywa na watu. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni kwamba familia hazikuamini kilichomo ndani ya mifuko ya maiti. Wengine walidhani ni mitupu, au viungo vimeibwa. Ikaletwa mifuko inayoonyesha ndani, ili familia imwone marehemu wao. Hofu ilisikilizwa, na utaratibu ukabadilika. Hilo ndilo lengo la kusikiliza. Kama hatuko tayari kubadilisha kitu, tusiwasumbue watu kuandika.

Mfano wa tatu ni wa Kenya. Shirika la Jacaranda Health lina huduma iitwayo PROMPTS, ambapo kina mama wajawazito na waliojifungua huuliza maswali kwa ujumbe wa simu. Mashine husaidia kutambua swali la hatari na kulisogeza mbele, na wapo wahudumu wa kibinadamu wa kulishughulikia. Nawaomba mtafakari mpangilio huo. Katika pendekezo letu mashine inachukua nafasi ya mtu. Katika ule wa Kenya mashine inampangia mtu foleni.

Ambayo kompyuta haitatuambia

Ndugu washiriki, penye wengi pana mengi. Lakini kompyuta hupenda mengi ya wengi. Jambo lililosemwa na watu wachache humezwa ndani ya fungu kubwa. Tuseme karatasi mia tano zinalalamikia bei ya bando, na karatasi mbili zinasema, "Kaka akijua nimeuliza swali hili ataniua." Zile mbili hazitaunda fungu. Hata hivyo mimi na wewe tunajua zipi zisomwe kwanza.

Tena wapo ambao hawaandiki kabisa. Mama anayekaanga vitumbua saa kumi na moja alfajiri hana muda wa sanduku la maoni. Mzee asiyeona vizuri hawezi. Msichana wa kazi za ndani haruhusiwi kutoka. Hofu zao hazimo ndani ya kompyuta, na kompyuta haitasema kwamba zimekosekana.

Mapendekezo

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo yafuatayo kabla ya kamati kukutana:

1. Kila mhamasishaji akusanye maoni mtaani kwake kwa swali moja lililo wazi: "Ukiambiwa swali lako litajibiwa na mashine, unafikiri nini?" Tusiulize "Je, unaogopa?" maana tutakuwa tumekwisha kumpa jibu.

2. Asiyeandika aandikiwe kwa maneno yake mwenyewe, bila kusahihishwa. Akisema "hiyo roboti", andika hivyo hivyo.

3. Tusiandike jina wala namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze sababu na asizitumie kwa jambo jingine. Na hata pasipo sheria, hii ni amana.

4. Kupanga mafungu kufanyike kwenye kompyuta ya ofisi, bila intaneti. Zipo programu za bure kama MALLET na Gensim zinazoweza kazi hiyo. Tusichukue siri za watu wanaoiogopa mashine tukazipeleka kwa mashine ileile ituambie wanaogopa nini.

5. Kila fungu lisomwe na watu wawili, mmoja wa Kinondoni na mmoja wa Temeke, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe majina waliyotoa. Wakitofautiana, karatasi zisomwe upya.

6. Karatasi zote zipitiwe kwa macho kutafuta zile chache za hatari, na hizo zifikishwe kwa mtumishi wa ushauri siku hiyohiyo.

7. Matokeo yarudishwe mitaani. Waliosema waambiwe tulichosikia, na waulizwe kama tumesikia sawasawa.

Hitimisho

Mtaniuliza: wewe Mratibu unasimama wapi, mashine iletwe au isiletwe? Nitawajibu kwa uaminifu kwamba nilipopokea pendekezo nilikuwa upande wa kuileta. Simu inayoita bila kupokelewa inaniuma. Nimepata kuipokea mwenyewe jioni moja, mtumishi akiwa ameondoka. Aliyepiga alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Samahani, nilitaka tu kujua kama kuna mtu." Akakata.

Sijui angeiambia nini mashine. Labda kwa kuwa si mtu, angeifungulia moyo. Labda angekata mapema zaidi. Sitaki kumsemea. Nataka karatasi yake iwemo ndani ya lile sanduku, na isomwe.

Karatasi za kukusanyia maoni zipo pale mlangoni. Kila mmoja achukue za kutosha mtaa wake. Tukutane hapa baada ya wiki sita tukiwa nazo mkononi.